Maskini wa Sinema Hana Jumapili

Katika filamu hiyo kulikuwa na jumba la ghorofa, ngazi za marumaru, na mama tajiri aliyekuwa akilia juu ya kochi jeupe kwa sababu mwanawe alitaka kuoa msichana asiyemfaa. Mlango ukafunguka, akaingia mtumishi na sinia la chai. Akaliweka mezani, akainamisha kichwa, akatoka. Hakusema neno, kwa kuwa waliotengeneza filamu hawakumwandikia hata moja. Lakini sisi tuliokaa kwenye mabenchi ya banda la video mjini Migori tulimsikia akinong'ona kwa uchovu: "Huyu mama analia tangu asubuhi na chai yangu anaiacha inapoa. Wacha nirudi jikoni nimpigie dadangu simu, angalau yeye akilia huwa ana sababu."

Banda zima liliangua kicheko. Sauti ilikuwa ya Mtafsiri.

Ndivyo mji ulivyomwita. Wazee wa sokoni walimwita Jaloko, jina ambalo kwa Kijaluo ni yule anayegeuza maneno kutoka lugha hii kwenda ile. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni, maiki mkononi, filamu ya kigeni ikichezwa, naye akitueleza kwa Kiswahili nani anasema nini. Migori ni mji wa watu wa kila aina: Wajaluo, Wakuria kama mimi, Wakisii, Waluhya, Wasomali wa madukani, na Watanzania wanaovuka mpaka wa Isebania kuja kuuza na kununua. Kiswahili ndicho kilichotukalisha benchi moja. Cha kwake kilikuwa cha aina yake. Mimi niliyekuwa nikifundisha somo hilo shule ya msingi nilikisikiliza nikikunja uso mwanzoni, halafu siku moja nikajikuta nimeacha kukunja.

Tuliishi ploti moja ya vyumba vya kupanga kwa miaka mingi, mlango wake ukitazama wangu. Alizaliwa lini sijui, na habari za watu wake nilizipata baadaye, tena kwa sababu ya ugomvi. Nilichokijua ni jirani mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe, aliyekunywa maji moto ya tangawizi kila asubuhi kwa ajili ya koo, na ambaye hakumkaribisha mtu chumbani mwake. Ukibisha hodi alitoka nje, akavuta mlango nyuma yake, akakusikiliza barazani kwa heshima zote.

Kabla ya kuitafsiri filamu aliitazama peke yake bila sauti. Nilimuuliza sababu.

"Sauti inakudanganya, Mwalimu," alisema. "Inakufanya umwangalie anayesema. Zima sauti, ndipo utaona wote waliomo."

Hao waliomo ndio waliokuwa watu wake. Dereva anayefungua mlango wa gari na kuachwa juani. Mkulima wa bustani anayepita nyuma wapenzi wakiahidiana. Mama wa sokoni ambaye meza yake ya nyanya hupinduliwa na magari ya wanaofukuzana, kisha filamu ikaendelea kama kwamba nyanya zile hazikuwa za mtu. Mtafsiri aliwapa wote maneno. Yule wa sinia la chai alimpa na jina kabisa: Perpetua. Na kwa kuwa karibu kila filamu ya matajiri ina mtu wa kuleta chai, Perpetua alihama kutoka filamu hadi filamu, akibadilisha sura na nchi, lakini maisha yake yakiendelea palepale yalipoishia. Tulijua ana mtoto wa kiume anayesumbua shuleni. Tulijua anajenga kwao polepole, chumba baada ya chumba. Wanawake wauza ndizi walikuwa wakimsimamisha Mtafsiri njiani: "Na Perpetua, walimpa likizo?" Naye alijibu bila kucheka, "Wamekataa, lakini ana mpango."

Mwenye banda aliwahi kumkemea kwamba anaharibu hadithi. Mtafsiri alimwambia achague siku moja amtafsiri tajiri peke yake, waone. Walifanya hivyo Jumapili moja. Kabla filamu haijafika katikati watu walianza kupiga mabenchi kwa viganja wakiita, "Perpetua! Perpetua!" Mwenye banda hakurudia tena habari hiyo.

Hasira yake kubwa aliiweka kwa filamu za maskini. Nakumbuka moja ya familia iliyoishi kwenye kibanda kilichovuja, baba mgonjwa, mama analia, watoto wanalia, mvua nayo inanyesha tangu mwanzo hadi mwisho. Watu walitoka wakifuta macho. Mtafsiri alitoka akisaga meno. Tukatembea pamoja hadi kwetu.

"Umewahi kumwona maskini wa sinema akipiga pasi?" aliniuliza.

"Sijawahi kuangalia."

"Basi angalia. Hana pasi. Hana utani na jirani. Hajawahi kuchelewa kanisani kwa sababu anatafuta kitana. Kwetu kisiwani Rusinga, hata mwaka ule dagaa wa omena walipopotea ziwani, Jumapili mama alitoa gauni kwenye sanduku, akalinyoosha kwa pasi ya makaa, akatembea kanisani kama mke wa gavana. Maskini wa sinema hana Jumapili, Mwalimu. Kwake siku zote ni Jumatatu ya njaa."

Msemo huo niliusikia mara nyingi baadaye, nao ulikuwa na ndugu zake. Alisema waandishi wa filamu na hadithi wana maskini wa aina mbili tu kwenye ghala lao: malaika na mwizi. Hakuna aliye mvivu kidogo, mwenye wivu kidogo, anayependa sukari kupita kiasi, anayemcheka shemeji yake. Nilianza kuvisoma vitabu vya hadithi vya darasani kwangu kwa jicho hilo. Nikakuta kweli. Kila mtoto maskini alikuwa wa kwanza darasani na hakuna aliyewahi kuiba embe. Wanafunzi wangu, ambao wengi wao walikuja bila kiamsha kinywa na walikuwa wameiba maembe, hawakumtambua mtoto huyo kama mwenzao. Siku nilipowaambia waandike insha juu ya siku nzuri nyumbani kwao, bila kulia na bila mvua, ndipo nilipojua ni wangapi kati yao walikuwa na bibi mcheshi.

Lakini nisimfanye malaika, maana yeye mwenyewe angekasirika.

Mtu huyu aliyewatetea watumishi alipenda majumba ya matajiri kuliko yeyote pale bandani. Filamu ikionyesha ngazi zinazozunguka alisahau kutafsiri. Wapenzi wangeachana juu ya ngazi hizo, sisi tukingoja kujua kwa nini, naye tukamsikia akinong'ona kwenye maiki, "Yawa! Angalieni hayo mapazia." Alijua aina za makochi kwa majina. Na akigombana na kondakta au muuzaji, tusi lake la kwanza lilikuwa "maskini wewe!", tusi ambalo mtu mwingine akilitamka bandani angemfukuza. Nilimwonyesha hilo siku moja. Akaniambia, "Mwalimu, mtu hawezi kuwa kazini kila saa."

Kisha palikuwa na mambo ya masoja. Kila mlinda lango wa filamu, kila mwizi wa ng'ombe, kila mjinga aliyetumwa jembe akaleta ndoo, alimpa lafudhi ya Kikuria. Watu walicheka hadi mabenchi yakatikisika. Mara ya kwanza nilicheka nao. Mara ya pili nikanyamaza. Mara ya tatu nikamngoja nje.

"Mtafsiri, mbona masoja wote ni wa kwetu?"

"Ah, si ni utani tu."

"Perpetua umempa jina, mtoto na nyumba. Soja umempa nini?"

Aliniaga haraka na hakuniambia neno wiki nzima. Jumamosi iliyofuata soja wa filamu alizungumza kama mvuvi wa Rusinga, na lafudhi ilikuwa kali hivi kwamba vijana wa ziwani waliokuwa mle ndani walisimama kulalamika. Mtafsiri akasimamisha filamu. "Inawasha, sivyo?" akawauliza. "Sasa kaeni." Tangu hapo masoja walizungumza kama watu wengine.

Banda lilianza kufa simu zilipokuwa nzuri. Kila kijana alikuwa na filamu zake mfukoni, na mabenchi yakabaki na wazee wachache na watu waliokimbia mvua. Mtafsiri alitafuta vibarua vya kutangaza mnadani na kwenye harusi. Ndipo shirika moja lililokuwa na ofisi mji wa Homa Bay likamwita. Walikuwa wametengeneza filamu fupi kuhusu maisha ya wanawake wa ziwani, nao walitaka mtu mwenye sauti inayojulikana awasomee maelezo kwa Kijaluo na Kiswahili. Ilikuwa kazi nzuri, na ikienda vizuri zingefuata nyingine. Alikuja kwangu kwa sababu mimi nilikuwa na laptopu. Tukaiweka juu ya meza yangu, akazima sauti kama kawaida yake, tukatazama.

Mashua, nyavu, watoto wakichota maji. Kisha chumba kitupu, kuta za udongo, na mwanamke mwenye leso iliyopauka ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele yake, akiitazama kamera.

Mtafsiri akashika ukingo wa meza. "Huyo ni dadangu," alisema.

Tukafungua sauti. Mtu alisema polepole kwa Kiingereza kwamba mwanamke huyu hana chochote duniani, na kwamba kila siku anangoja mtu wa kumkumbuka.

"Hapo ni sebuleni kwake," Mtafsiri alisema. "Makochi yako wapi?"

Alimpigia simu palepale. Kwa miaka yote ya kuishi nao Kijaluo nilikuwa nimekijua cha kunitosha, nikafuata. Dada yake alifurahi kumsikia, akauliza habari za koo lake, na alipoulizwa makochi alicheka kwa aibu.

"Walituomba tuyatoe nje. Walisema ni kwa sababu ya mwanga."

"Na hiyo leso?"

"Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Wakasema lina rangi kali, kamera haipendi. Nikachukua leso ya kupangusia."

"Walikuambia filamu ni ya nini?"

"Ya kukausha omena. Niliwaeleza mambo mengi sana ya omena. Je, nimetokea vizuri?"

Mtafsiri alinitazama. Akamwambia dada yake ametokea vizuri, akakata simu, akaifunga laptopu.

Wiki iliyofuata nilikuwa na shughuli zangu Homa Bay, tukasafiri pamoja. Ofisini tulipokewa na kijana mpole, mwenyeji wa huko huko, aliyetuletea soda kwa mikono yake. Mtafsiri hakuigusa.

"Nimekuja kwa ajili ya yule mama aliyekaa chini. Nataka makochi yake yarudi."

Kijana akasugua paji la uso. "Mzee wangu, nakuelewa. Hata mimi ni wa hapa. Lakini mfadhili akiona makochi atasema huyu amejiweza, na kufunga mkoba."

"Kwa hivyo dadangu lazima akae chini ndiyo mkoba ufunguke?"

"Hatukujua ni dada yako."

"Na angekuwa si dadangu?"

Kijana akaisogeza ile soda karibu na Mtafsiri. Akasema, "Ni dakika moja tu ya filamu."

"Kwenu ni dakika. Yeye ataishi nayo kila akienda kisimani na kila akienda kanisani."

"Basi mzee, isomwe kama ilivyoandikwa, ama nitafute mwingine. Si mimi ninayeamua."

Mtafsiri akauliza kama watu wa kwao wataiona kabla ya wageni wa ng'ambo. Kijana akasema ndiyo, Ijumaa, katika kanisa moja kule Rusinga, wakuu wa shirika watakuwepo, na maelezo yatasomwa hapo hapo na maiki.

"Nitasoma," akasema Mtafsiri, akasimama.

Njiani nilimgeukia kwa hasira. "Umekubali?"

"Nimekubali kwenda, Mwalimu," akaniambia. "Na wewe twende."

Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda. Madirisha ya kanisa yalikuwa yamefunikwa turubai ili kuwe na giza, ingawa nje jua lilikuwa bado kali. Wageni walikaa mbele kwenye viti vya plastiki. Wenyeji walijaa nyuma yao, wanawake wa omena wamevaa nguo zao nzuri kwa kuwa wameambiwa watajiona kwenye filamu. Dada yake Mtafsiri alikuwa katikati yao, gauni la rangi ya machungwa, mwanamke mfupi, mwoga wa watu, ambaye alikuwa amenisalimu kwa kunishika vidole tu.

Filamu ikaanza. Mtafsiri alisoma vizuri, mashua, nyavu, watoto na maji, neno kwa neno. Kisha chumba kitupu kikatokea, na nyuma yetu sauti za wanawake zikapaa, halafu zikazima ghafla kama moto uliomwagiwa maji. Watu walikuwa wamemtambua. Na walikuwa wamekitambua chumba.

"Simamisha hapo," Mtafsiri alimwambia mwendesha mitambo.

Nilidhani sasa atafanya alichofanya maisha yake yote, atampa yule mwanamke wa ukutani maneno makali ya kuchekesha, na kanisa litapasuka kwa kicheko. Mikono yangu ilikuwa imejiandaa kupiga makofi. Lakini aliishusha maiki kutoka mdomoni. Akatembea katikati ya watu hadi alipokaa dada yake, akampa.

"Mwenye nyumba yupo," alisema bila maiki. "Mimi siwezi kumtafsiri mtu aliyepo."

Dada yake aliishika maiki kama samaki aliye hai. Nikamwonea Mtafsiri hasira, kwa nini amtie aibu mara ya pili. Kisha mwanamke yule akasimama.

"Makochi yangu," alisema kwa Kijaluo, na sauti yake mwenyewe ikamshtua ilipotoka kwenye spika. "Makochi yangu tulinunua na marehemu mume wangu, mwaka wake wa mwisho. Mliyatoa nje mkasema ni mwanga. Mvua ikanyesha mkiwa ndani na kamera. Yakalowa. Sikusema kitu."

Mmoja wa wageni, mama wa makamo, alikuwa akitafsiriwa sikioni na yule kijana wa ofisi. Akauliza kwa upole kwa nini hakukataa siku ile.

"Mgeni akikuomba uhamishe kiti, unahamisha," alijibiwa. "Hiyo ndiyo adabu ya kwetu. Nilidhani na ninyi mna yenu."

Kijana alisita kabla ya kulitafsiri hilo, lakini alilitafsiri.

Mwanamke akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imekaa. "Mnasema sina kitu. Shida ninazo. Hizo hamkuniuliza. Mvua ikija omena wanaoza kwa sababu tunaanika chini kwenye mchanga. Lori likija asubuhi tunauza kwa bei anayotaka mwenye lori, kwa sababu hatuna pa kuweka. Hayo niliwaeleza nikiwa nimevaa hiyo leso mliyoitaka. Kwenye filamu hayapo. Ipo miguu yangu tu." Akamgeukia ndugu yake aliyesimama kando. "Na wewe, owadwa, nimesikia umegombana na watu Homa Bay kwamba mimi sina shida, nina makochi. Nani alikuambia mwenye makochi hana shida? Ukienda kunisemea tena, nipigie simu kwanza."

Hapo ndipo kanisa lilipopasuka. Walicheka, wakapiga vigelegele, na Mtafsiri aliinamisha kichwa akicheka pia, akijipangusa macho kwa kola ya lile shati lake gumu.

Ningependa kusema filamu ilitengenezwa upya. Haikutengenezwa. Dada yake aliondolewa ndani yake. Hawakuweka makochi wala mchanga wala lori, walitafuta kijiji kingine na mwanamke mwingine wa kukaa chini, na mtu mwingine akasoma. Kazi zilizoahidiwa hazikuja. Mtafsiri alipopata habari hiyo alikaa barazani kwake jioni nzima akitazama ukuta wangu. Nilimpelekea uji. Akaniuliza, "Huyo wa kijiji kingine, naye ana ndugu?" Nikasema bila shaka anaye. Akasema, "Basi sikufanya lolote. Nilihamisha aibu tu, kutoka mlango huu hadi ule."

Nilimwambia si kweli, maana wanawake wa bichi ile, ufuo wa dada yake, walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna kamera itakayoingia nyumba ya mtu kabla ya mwenye nyumba kuelezwa na kukubali, na hakuna filamu itakayoondoka kabla ya wenyewe kuitazama. Wamelishika hilo hadi leo. Amewahi kufika mtu na gari kubwa akarudi nalo alivyokuja. Mtafsiri alisikiliza, akamaliza uji. Kesho yake alianza kufunga mizigo.

Siku ya kuhama aliuacha mlango wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa, nikaingia kumsaidia kabla hajanizuia. Kulikuwa na kitanda cha futi tatu, televisheni ndogo, pasi, na misumari ukutani ya kutundika mashati. Hakukuwa na kiti. Miaka yote ile alikuwa akila amesimama, au amekaa kitandani.

Aliniona nikitazama. "Ndiyo maana sikukaribishi, Mwalimu. Ungekuja na huruma."

"Ningekuja na kiti," nikasema.

Alicheka hadi akaweka televisheni chini.

Alirudi ziwani, akakaa Mbita, ng'ambo tu ya kwao. Nilisikia habari zake kwa vipande: amekusanya vijana na wanawake, wanatengeneza filamu kwa simu, wanazionyesha kanisani na sokoni. Nilisikia ya kwanza ilikuwa ya kuanika omena na kwamba ilikuwa ndefu mno. Nilisikia pia kuwa wanawake wa bichi walijenga vichanja vya kuanikia kwa mbao za mashua kuukuu, kwa mikono yao wenyewe, na kwamba yeye alizuia wasipige picha hadi vichanja vikamilike na watu wawe wameoga.

Likizo iliyopita nilikwenda Mbita kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu, nikamtafuta. Nilimkuta chini ya kibanda cha mabati, amezeeka, koo limekwaruza, anabishana na vijana wake. Walikuwa wakiandika filamu kuhusu mnunuzi mkubwa wa samaki, mwenye malori ya barafu, anayewakandamiza wavuvi. Kijana mmoja alikuwa amepata mto wa kuweka tumboni ili awe na kitambi, na kofia ya kizungu. Binti aliyekuwa na simu ya kurekodi alikuwa akicheka hadi anashindwa kuishika.

"Toeni huo mto," Mtafsiri alisema.

"Lakini mzee, tajiri si ndivyo alivyo!"

"Umeingia kwake? Unajua anaogopa nini? Anajua kuomba samahani, au hajui? Walitutengenezea sisi miguu ya kukaa chini, sasa ninyi mnamtengenezea yeye tumbo. Kazi ni moja."

"Anatupunja, mzee," binti alisema, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Hilo si uongo."

"Si uongo. Onyesheni anavyopunja, msifiche hata kidogo. Lakini mkiweka tumbo la mto, watu watacheka tumbo, naye atacheka nao, kesho lori litakuja vilevile. Mwekeni yeye mwenyewe. Ajione. Huyo hataweza kujicheka." Akanigeukia. "Mwalimu, una nafasi? Tunaenda kwake."

Nyumba ya mnunuzi ilikuwa kando ya barabara, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Mtafsiri aligonga lango la chuma. Kidirisha kikafunguka, macho ya mwanamke yakatokea. Alikuwa mke wa mwenye nyumba.

"Mnauza nini?"

"Hatuuzi, mama. Tunaandika hadithi ya watu wa samaki, na mzee wa hapa yumo. Tumekuja kumuuliza, tusije tukamwandika vibaya."

"Mume wangu hataki kamera."

"Hatuna kamera. Nina masikio tu, na hilo moja halisikii vizuri."

"Ametoka."

"Tutangoja."

"Anaweza kuchelewa sana."

"Mimi ni mstaafu, mama."

Kidirisha kikafungwa. Mtafsiri akapata kreti tupu la soda kando ya ukuta, akaligeuza, akakaa, mgongo wima. Nilikaa naye muda, tukazungumza habari za ploti, nani kafa na nani kahama. Gari moja lilitoka, halikusimama. Nilimwambia jua ni kali na huenda mtu huyo asimpokee kamwe.

"Huenda," alisema. "Nitakuja na kesho. Wewe nenda harusini, watakula nyama yote."

Nilikwenda. Nilikula, nikacheza kidogo na walimu wenzangu, na jua lilipopungua ukali nikaanza kurudi kwa barabara ile ile. Kwa mbali nililiona kreti, halina mtu. Nikapunguza hatua, nikijiambia amechoka, ameondoka.

Nilipofika usawa wa lango nikaona limeachwa wazi kiasi cha mtu kupita. Ndani, barazani, mbele ya mlango uliokuwa na mapazia mazito, kulikuwa na jozi mbili za viatu: vya ngozi nyeusi vinavyong'aa, na kando yake, vimepangwa sambamba, viatu vyake vilivyopauka kwa vumbi la Mbita. Kutoka ndani nilisikia sauti ya mwanamume nisiyemjua, ikieleza jambo kwa kirefu. Ya Mtafsiri haikusikika kabisa.